Maji Aliyonichemshia Mama

Watu wa bonde letu tunajuana kwa meno. Ukiwa Nairobi kwenye foleni ya benki, na mtu aliye mbele yako akageuka kukuuliza jambo, ukaona meno yake ya mbele yana mistari ya kahawia kama kikombe cha chai kisichosuguliwa, huna haja ya kumuuliza kwao ni wapi. Amekulia Nakuru, au Gilgil, au Elementaita, na amelelewa kwa maji ya kisima. Mimi ni mmoja wao. Sitafuti huruma ya mtu. Meno yangu ni magumu na mahindi ya kuchoma yanayatafuna bila shida. Lakini nilijifunza mapema kucheka nikiwa nimefunga mdomo, na mtu akicheka hivyo watu humwona ana maringo. Basi nikaonekana nina maringo, na baada ya muda nikawa nayo kweli.

Sikuomba kusoma kemia. Niliomba uuguzi. Alama zikapungua kidogo tu, na serikali ikanipangia kemia katika chuo kikuu kishiriki kilichokuwa nje ya mji wa Nakuru, upande wa kupanda milimani. Chuo chenyewe kilikuwa zamani kituo cha kufunzia wakulima, kikapandishwa cheo kabla majengo hayajapandishwa. Maabara yetu ilikuwa chumba cha kupokelea maziwa. Sakafu ilikuwa bado na mfereji wa kuoshea mitungi, na siku za joto, haki ya Mungu, harufu ya maziwa lala ilipanda kutoka pale chini ikashinda hata ya amonia. Tulikuwa wengi, na bureti, ile mirija mirefu ya kioo ya kupimia dawa kwa matone, zilikuwa chache. Kundi moja, bureti moja. Mmoja anafungua koki, mwingine anachungulia alama, mwingine anatikisa chupa, na waliobaki wananakili wanachosikia. Kuna waliomaliza digrii ya kemia bila kugusa koki hata siku moja, na leo ni walimu wa watoto wenu.

Mimi niligusa. Sikuwa mwerevu kupita wenzangu. Nilikuwa tu sina subira na watu wanaosoma namba kwa kukisia. Mtu anasimama wima, anatupia bureti jicho kutoka juu kama anayeangalia kuku, halafu anataja namba kwa sauti ya uhakika. Nilikuwa nawasukuma kando. Waliniita mke wa chifu, sijui kwa nini, na sikuuliza.

Chumbani nilikaa na msichana wa kutoka Kuresoi, naye wa kemia, ambaye kila wazazi wake wakivuna alishushiwa gunia la viazi pale langoni. Tulikula viazi mpaka tukachoka kuvitazama. Huyo alikuwa na meno meupe pe, na alikuwa akicheka kwa mdomo wote mpaka unaona alichokula.

“Sisi kwetu tunakunywa maji ya mto,” alikuwa ananiambia. “Ng'ombe wanaoga huko juu, sisi tunakunywa huku chini. Lakini ona!”

Na ananionyesha meno yote, ya juu na ya chini. Nilimpenda na nilimwonea wivu, vyote kwa pamoja. Alikuwa rafiki mzuri.

Nyumbani kwetu, kwenye shamba lililokuwa la mzungu zamani kabla ya kugawanywa vipandevipande, kulikuwa na mdogo wangu wa mwisho, aliyezaliwa wakati sisi wengine tulishafikiri mama amemaliza. Nilipoingia mwaka wa nne mtoto huyo alikuwa bado na meno ya utotoni, madogo, meupe. Huku kwetu meno ya kwanza hutoka meupe. Ni yale ya pili, yale ya kukaa nayo maisha, ndiyo huja na rangi. Kila nikienda nyumbani nilikuwa nainua mdomo wake wa juu kwa kidole, naangalia kama kuna lililolegea. Yeye alidhani ni mchezo, akawa ananikimbilia akiwa ameshaachama. Haukuwa mchezo. Nilitaka meno yake ya pili yatoke meupe, na nilitaka jambo hilo kuliko nilivyoitaka digrii.

Kwa hivyo msimamizi wangu aliponiuliza mradi wangu wa mwaka wa mwisho utahusu nini, nilisema floraidi. Floraidi iko kwenye mawe yetu ya volkano, na maji yanayokaa chini ya ardhi huichukua humo. Ikiwa kidogo humsaidia mtu. Ikizidi huharibu jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi. Hayo yanajulikana na yameandikwa sana. Mimi sikuwa natafuta kugundua kitu. Nilitaka kupima maji yote yanayofika nyumbani kwetu, nijue yapi yana nafuu, halafu mtoto anywe hayo. Sikumwambia msimamizi hivyo. Nilisema nataka kulinganisha vyanzo vya maji katika makazi ya wakulima.

Msimamizi wangu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuza mbuzi. Alichukia neno “labda” kuliko dhambi. Ukisema labda mbele yake anakuonyesha mlango, ukamalizie labda yako huko nje. Alinipa masharti: chupa ziwe za plastiki, si za kioo, kwa sababu floraidi na kioo havikai vizuri pamoja, maji yachotwe pale yanapotokea, kila chupa iandikwe. Wiki hiyo tulikuwa na mitihani midogo mfululizo na sikuweza kwenda nyumbani. Nikampigia mama simu, nikamweleza pole pole. Chupa moja ya kisima kutoka kwetu, moja ya kisima kutoka kwa jirani, moja ya tangi la mvua, moja ya kijito. Kisima chetu na cha jirani kilikuwa kimoja, kile kirefu cha wakati wa mzungu, kinachosukumwa kwa pampu, bomba likagawanyika kwenye ua, kila nyumba na mfereji wake. Nilitaka zote mbili ili zinihakikishie kwamba mashine yangu inasema kweli. Namba zao zilipaswa kufanana.

Chupa zilikuja na lori la maziwa, zimefungwa kwa kanga kama mtoto mchanga. Mama alikuwa ameziandika kwa herufi kubwa: NYUMBANI, JIRANI, MVUA, KIJITO.

Kifaa cha kupimia floraidi ni kijiti kinachotumbukizwa ndani ya maji, kimeunganishwa na kisanduku kinachoonyesha namba. Kwanza unakipa maji ambayo wewe mwenyewe umeyatengeneza, unayoyajua, ukipanda kutoka hafifu hadi makali, na unachora mstari. Mstari ukinyooka, kijiti hakikudanganyi. Wangu ulinyooka. Nikatumbukiza mvua: karibu hakuna kitu. Kijito: nafuu. Jirani: juu, kama nilivyotarajia. Kisha nikatumbukiza NYUMBANI, na namba ikapita ya jirani, ikapita mstari wote niliochora, ikaenda zake.

“Umekosea,” msimamizi akasema bila hata kuketi.

Nikarudia. Ikawa vile vile.

“Umechafua chupa.”

Nikaosha vyombo vyote kwa maji yaliyotoneshwa, yasiyo na kitu ndani, nikaanza upya toka mwanzo. Vile vile. Nilikasirika, kwa sababu kama kuna jambo moja nililokuwa najivunia pale chuoni ni kwamba mimi sikosei pale wanapokosea wengine. Msimamizi akaniambia nitupe sampuli hiyo, nisiiweke kwenye ripoti, nikachukue nyingine. Mwenzangu wa chumbani alikuwa meza ya pili anapima mafuta ya kukaangia chipsi ya mjini, yaliyorudiwarudiwa mpaka yakawa meusi kama ya gari. Akaniambia, “Si uulize mathe wako kwanza kabla ya kurarua nywele?”

Nikatoka nje, nikapiga simu.

“Mum, ile maji ya kwetu ulichota wapi?”

“Gani?”

“Ile ya chupa umeandika nyumbani.”

“Si ulisema ya kisima. Ni ya kisima.”

“Ulichota kwa mfereji?”

Akaguna kama mtu aliyeshikwa akionja mboga. Halafu akapandisha sauti.

“Sasa wewe unafikiri mimi naweza tuma maji mbichi kwa chuo kikuu? Walimu wako waseme huko kwenu mnakunywa uchafu? Ya jirani niliweka hivyo hivyo, kwa sababu wao ndio wanakunywa hivyo. Ya kwetu nilikuchemshia. Nilitoa kwa birika, nikaacha ikapoa, nikachuja na kitambaa safi. Kwani imefika na takataka?”

Nilicheka kwa sauti pale uani, peke yangu. Nilifurahi kwamba sikukosea. Nilikuwa bado nacheka nilipoelewa, na kicheko kikakatika.

Birika lile lilianza kwa sababu yangu. Nilipokuwa mdogo niliugua homa ya matumbo, nikalazwa, ikasemekana sitatoka. Nilipotoka, mama alikula kiapo kwamba mtoto wake hatakunywa tena maji mabichi. Tangu hapo birika kubwa jeusi halikushuka mekoni. Lilichemka asubuhi, likachemka mchana, maji yakipungua anaongeza mengine juu ya yale yale, moto unaendelea. Ukiona kiu unamiminiwa humo. Alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alizunguka nyumba kwa nyumba akifundisha hivyo, na wengi walimfuata. Yule jirani yetu hakumfuata. Yeye watoto wake walikunywa mferejini kwa viganja kama ndama, na mama alikuwa akimwita mvivu, si kwa siri.

Kuchemsha huua vijidudu. Floraidi si kijidudu. Maji yanapaa na mvuke, floraidi inabaki. Unaongeza maji, yanapaa, nayo inabaki tena, inajilimbikiza. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kukueleza hilo kwa kutumia maji ya chumvi na moto. Mama alikuwa amepika maji yetu miaka yote hiyo kwa upendo, na kadiri alivyotujali ndivyo yalivyozidi kukolea. Watoto wa jirani walikuwa na meno ya rangi pia, lakini hafifu. Yetu ndiyo yalikuwa ya kahawia kabisa, na kila mtu pale alikuwa ameshaona hivyo, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Nilimrudia msimamizi nikamweleza. Akaketi, jambo ambalo hakuwa akilifanya maabarani.

“Wacha! Hiyo ndiyo project yako sasa,” akasema. “Birika. Weka zingine zote nyuma.”

Alifurahi. Nilimwona akifurahi, na alikuwa na haki, kwa sababu ni jambo zuri kulipata kwenye maabara ya chumba cha maziwa. Nilimchukia kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha nikamwambia kuhusu mtoto.

“Ana umri gani?” akaniuliza.

“Anaingia gredi ya kwanza.”

Sauti yake ikashuka. “Basi ya mbele yameshaumbwa. Yako ndani ya ufizi, tayari, yanangoja tu kutoka. Hayo huwezi kuyabadilisha. Lakini kuna ya nyuma bado yanaumbwa. Wahi hayo.”

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa jikoni, na birika lilikuwa mahali pake. Alinikaribisha kwa chai, nikamwambia nitakunywa baadaye, akanitazama. Nilimweleza yote kama nilivyoyajua, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma ripoti. Sijui namna nyingine ya kueleza mambo. Alisikiliza huku anamenya vitunguu, na hakuacha kumenya mpaka nilipomaliza.

“Kwa hivyo ni mimi nilifanya mkakuwa hivyo,” akasema.

“Ni maji, Mum.”

“Sikuulizi maji.”

Chuoni walikuwa wametufundisha namna ya kusema jambo bila kulisema: huenda, inaelekea, utafiti zaidi unahitajika. Maneno hayo yalinijia yote mdomoni. Lakini mama hakuwa mtu wa kupewa maneno hayo jikoni kwake. Nikamwambia kosa la kwanza ni la kisima, ambalo si la mtu, na birika liliongeza juu yake.

“Liliongeza kidogo ama sana?”

“Sana.”

Alisimama, akashusha birika kwa kitambaa, akatoka nalo nje, akamwaga maji kwenye majani ya migomba mpaka tone la mwisho. Aliporudi macho yalikuwa makavu. Alikaa kwenye kigoda chake akaniuliza mtoto anywe nini sasa. Nikamwambia maji ya mvua kutoka tangini, yachemshwe mara moja, yaepuliwe, yafunikwe, yasiongezwe juu. Nikamwambia pia habari ya meno ya mbele. Nilimweleza mara mbili, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani: ya mbele yameshaumbwa, tunaokoa ya nyuma. Aliitikia, “Eeh. Eeh.” Nilijua hajasikia, au amesikia na amekataa.

“Na yule mama wa pale,” akasema baadaye, akiangalia upande wa kwa jirani. “Yule mimi nilikuwa naita mvivu.”

Jumapili, baada ya ibada, akina mama walipobaki kwa mkutano wao, alisimama mbele. Mimi nilikuwa mlangoni nimemshika mtoto mkono. Nilifikiri atasema kwamba chuo kikuu kimegundua hivi na hivi, ajifunike na chuo. Hakukitaja. Alisema, “Mimi niliwafundisha vibaya. Hii mambo ya kuongeza maji kwa birika, muache leo.” Mwanamke mmoja mzee akauliza, sasa wanataka tunywe mbichi tuharishe tufe? Wengine wakacheka, mama hakucheka. Akamweleza habari ya mvua na kuchemsha mara moja, mwanzo hadi mwisho, vizuri kuliko nilivyomweleza mimi. Kisha akavuka akaenda kukaa karibu na yule jirani, kwenye benchi moja, na sikusikia walichoongea. Niliona fahari juu ya mama siku hiyo.

Baba, ambaye alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha na kuishi huko huko, mtaa wa Kamere, alikuja mwisho wa mwezi akatundika mabati ya kuelekeza mvua tangini kuzunguka nyumba nzima. Mama akalilinda lile tangi kama duka. Sisi wengine tuliendelea na kisima, meno yetu hayakuwa tena na la kupoteza. Mvua ilikuwa ya mtoto. Alienda shuleni na chupa yake, na alikatazwa kuonja hata uji wa rafiki. Kila mama aliponipigia simu, kabla hata ya kunisalimu, alikuwa anasema, “Hajaguza kisima. Hata tone.” Sauti yake ilikuwa na matumaini kiasi kwamba nilishindwa kumkumbusha. Nilikuwa nimeshamwambia. Na ubaya ni kwamba hata mimi, na vitabu vyangu vyote mezani, nilianza kutumaini. Nilijua enameli, lile ganda gumu la jino, ikishaumbwa imeumbwa. Nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo kwa mkono wangu kwenye ukurasa wa utangulizi. Bado usiku nilikuwa namwomba Mungu kama mtu ambaye hajasoma kitu. Ujinga mtupu, lakini nilikuwa nao.

Mradi ulipita vizuri. Siku ya kuuwasilisha, msimamizi aliketi mstari wa mbele, na mgeni mmoja alipouliza kama haya si mambo ya jikoni, alimgeukia akamjibu kabla yangu. Mwenzangu wa Kuresoi alipiga makofi peke yake mahali pasipostahili kupigwa makofi. Tulikuwa tunangoja tu matokeo ya mwisho na joho.

Asubuhi moja nilikuwa maabarani naosha vyombo vya kurudisha stoo, simu ikalia. Ilikuwa ya mama. Hakusema habari ya kisima.

“Mum?”

“Limetoka,” akasema.

Nilizima mfereji. “La mbele?”

“La mbele.”

“Liko aje?”

Nyuma yake jogoo aliwika, na mtoto alikuwa anadai simu, nipe, nipe na mimi. Mama akasema, “Ongea na yeye,” na simu ikapita mkono.

“Dada! Nimeota jino!” Alikuwa anapiga kelele kama niko ng'ambo ya bonde. “Jino ya watu wakubwa!”

“Wee! Iko aje?”

“Iko kama yako!” akasema. “Iko na ile laini ya brown, kama yako kabisa! Mum analia lakini mimi silii. Ni kama yako, dada!”

Alikuwa na furaha ya kweli, furaha isiyo na doa. Alikuwa amengoja muda mrefu afanane na sisi. Nililia pale kwenye sinki, bila sauti, mikono ikiwa na sabuni. Akaniuliza kama nimefurahi.

Nikamwambia nimefurahi sana.